Kimya cha Kununua

Kadi ya zamani ikifika nyuzi themanini na saba
huvuma kama kinu cha posho pale Kongowea,
nami nina harusi ya Tudor ya kuhariri,
saa nne za vigelegele, kamera tatu,
na nyuma ya pazia mama amelala,
katoka zamu ya usiku, viatu vyake vyeupe
vimeelekea mlangoni kana kwamba vataka kurudi.

Nikaenda kwa Shebwana, ghorofa ya pili,
juu ya duka la magodoro.
Akapanga maboksi mezani kama sonara.
Februari. Hata kivuli kilitoka jasho.

"Hii ina panka tatu, kubwa, zazunguka taratibu.
Mwenda pole hapigi kelele."
Nikamwambia, humjui shangazi yangu Mwanakombo.

"Hii ni ya maji. Pampu, mabomba mawili."
Maji! Mfereji wetu hukohoa Jumanne na Ijumaa,
siku nyingine twangoja mkokoteni wa mitungi,
na mimi nitoe elfu themanini
ili kompyuta ioge kila siku?

"Na hii haina panka kabisa. Mapezi matupu.
Kimya kama maiti."
Nikaigusa. Nzito, baridi, nzuri mno.
Lakini mapezi yataka hewa iliyopoa,
na kwetu hewa yaingia dirishani ishachemka,
imebeba chumvi iliyokula bawaba za kabati,
iliyokula antena, iliyokula pete ya mlango;
itashindwa na bati jembamba kama ganda la kitunguu?

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya unga:
hii wati mia na sitini, ile mia mbili na ishirini,
tokeni ya mia tano itafika Alhamisi au haifiki,
pawa saplai yangu ya mtumba itahimili au itafuka moshi.
Urefu wa kadi, sentimita thelathini na moja.
Kasha langu nililipima kwa futi ya kushonea:
thelathini kasoro.
Pua ingetokeza nje kama mtoto mbeya.

Nikachukua ndogo, ya panka mbili,
zinazosimama kabisa joto likishuka chini ya hamsini.
"Utasahau kama iko," akasema Shebwana,
akapunguza elfu mbili, akanipa pasti bure.
Pesa yote ya chama ikaishia pale.

Alasiri nikaifunga. Bibi harusi akatokea
bila kugugumia, hina yake ukucha kwa ukucha.
Kazi ikaisha. Panka zikapunguza, zikapunguza,
zikasimama.

Nikasikia saa ya ukutani.
Nikasikia friji ya jirani.
Nikasema moyoni, hiki ndicho nilicholipia.

Mama akaruka kitandani.
Pekupeku, leso kifuani, mkono mbele,
vidole vikitafuta mshipa wa shingo ya mtu:
"Nani? Kitanda cha ngapi?"

"Mama, uko nyumbani."
Akaketi ukingoni, pumzi zikimrudia moja moja.
"Wodini mashine ikipiga kelele, mtu yuko.
Ikinyamaza ndipo nakimbia."
Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi.
"Ile ya kwanza ilikuwa na ubaya gani?
Miaka miwili nimelala nayo."

Akarudi nyuma ya pazia.
Nikafungua mipangilio, ule mstari uliopinda
wa joto na mwendo wa panka,
nikaushika ncha, nikauinua kutoka sifuri:
asilimia thelathini,
hata ikiwa baridi, hata ikiwa haina kazi.
Ikaanza kuvuma, chini chini.

Shebwana nitamwambia nini, sijui.
Nikangoja, mkono juu ya kasha.
Thelathini na tano, basi.
Ndipo mama akakoroma.